Njia Isiyo na Upana: Umiliki wa Pamoja Katika Upimaji wa Ardhi Mkoani Songwe

Na Mwandishi Wetu, Tunduma

Kila linapotolewa tangazo la upimaji, urasimishaji wa makazi au Kliniki ya Ardhi katika Mkoa wa Songwe, swali la kwanza la wananchi huwa ni moja: hati yangu itatoka lini? Ni swali la haki, na wataalamu wa ardhi wanapaswa kulijibu kwa tarehe. Lipo swali la pili ambalo husikika kwa nadra katika mikutano hiyo, ingawa ndilo huzaa ugomvi baada ya hati kutoka. Njia tunayopita sote, kisima tunachochota sote, malisho, uwanja wa michezo, ngazi za ghorofa la maduka, vyote hivyo vimeandikwa kwa jina la nani?

Hoja ya makala haya ni kwamba eneo la pamoja linapaswa kupimwa na kuandikwa kabla ya vipande vya watu binafsi vinavyolizunguka, au angalau siku ileile. Likiachwa lije kuandikwa baadaye, kwa kawaida huwa limekwisha kumezwa, tena bila mtu yeyote kukusudia wizi.

Tuchukue mfano ambao mkazi yeyote wa Mbozi ataitambua sura yake. Mashamba mawili ya kahawa yamepakana. Kati yake pana njia ya miguu inayoteremka hadi kwenye chemchemi, na njia hiyo ilikuwepo kabla wenye mashamba hawajazaliwa. Siku ya uhakiki mpimaji anafika na kifaa chake cha kupokea mawimbi ya setilaiti, akifuatana na wajumbe wa kamati ya kijiji. Anawauliza majirani mpaka wao uko wapi. Wote wawili, kwa nia njema kabisa, wanajibu kwamba mpaka wao ni njia. Mpimaji anachukua vipimo katikati ya njia, majirani wanasaini fomu, na kazi inahamia shamba la tatu.

Hakuna aliyedanganya na hakuna aliyenyang'anywa kitu. Lakini kwenye ramani ile njia imekuwa mstari, na mstari hauna upana. Nusu yake imeingia katika hati ya jirani wa kulia, nusu nyingine katika hati ya jirani wa kushoto. Kwa miaka kadhaa hakuna kitakachobadilika, kwa sababu wanaoijua historia wangali hai na wangali na subira. Siku mmoja wao atakapouza shamba, mnunuzi atakuja na hati mkononi, atapanda michongoma hadi mwisho wa kipande alicholipia, na karatasi itamuunga mkono. Kina mama na watoto waliokuwa wakishuka chemchemini kwa dakika kumi watalazimika kuzunguka. Wakilalamika, wataingia mbele ya Baraza la Ardhi la Kijiji wakiwa na kumbukumbu za wazee, na mwenzao ataingia na hati. Baraza linaweza kuwasikiliza na hata kuwapatanisha, ila mzigo wa kuthibitisha umekwisha kuhamia mabegani mwao.

Kama mpimaji angeuliza swali moja zaidi, "njia hii ni ya nani na ina upana gani?", ramani ingebeba vipande vitatu badala ya viwili, na ugomvi huo usingezaliwa.

Mkoa wenye historia ya hati

Songwe una sababu ya pekee ya kulijua jambo hili. Baada ya Bunge kupitisha Sheria ya Ardhi, Na. 4, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5, zote za mwaka 1999, ni Wilaya ya Mbozi, wakati huo ikiwa bado ndani ya Mkoa wa Mbeya, iliyochaguliwa kuwa eneo la majaribio ya utoaji wa Hati za Hakimiliki ya Kimila. Wananchi wake wakawa miongoni mwa wa kwanza nchini kushika hati hizo, kabla ya utaratibu kuenea katika wilaya nyingine. Sheria zenyewe zilianza kutumika rasmi Mei 1, 2001.

Tangu hapo ramani ya utawala imebadilika. Wilaya ya Momba ilimegwa kutoka Mbozi mwaka 2012, na mwaka 2016 Songwe ukawa mkoa kamili wenye makao makuu Vwawa. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,344,687 mkoani humo, katika eneo ambalo miaka kumi nyuma wakazi wake hawakufika milioni 1. Watu wameongezeka, na ardhi ni ileile.

Katika miaka ya karibuni kasi ya upimaji imepanda tena. Mradi wa Uboreshaji wa Usalama wa Milki za Ardhi, unaogharimiwa kwa mkopo wa Dola za Marekani milioni 150 ulioidhinishwa na Benki ya Dunia Desemba 2021, umefika katika vijiji vya Wilaya ya Songwe. Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 1995, Toleo la 2023, ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Machi 2025 jijini Dodoma. Kasi hiyo ni neema kwa mwananchi aliyesubiri hati kwa miaka mingi. Kwa eneo la pamoja lisilo na msemaji, kasi hiyohiyo ni hatari, maana mradi unaopimwa kwa wingi wa hati zilizotolewa utavutwa kuhesabu vipande vyenye majina ya watu kwanza. Hilo halitokani na ubaya wa mtu. Ndivyo kazi yoyote yenye lengo la idadi inavyokwenda, na ndiyo sababu wananchi wenyewe wanapaswa kulikumbusha.

Sheria imesema nini kwa vijiji

Kwa upande wa vijiji sheria haina upungufu. Kifungu cha 12 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji kinaigawa ardhi ya kijiji katika mafungu matatu: ardhi inayotumiwa na wanakijiji wote kwa pamoja, ardhi iliyo mikononi mwa mtu, familia au kikundi, na ardhi ya akiba inayoweza kupangiwa mojawapo ya matumizi hayo siku zijazo. Kifungu cha 13 kinaitaka Halmashauri ya Kijiji ipendekeze ni sehemu zipi ziwe za pamoja na kwa matumizi gani, kisha Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani wanakijiji wote watu wazima, ndio uamue. Eneo likishaidhinishwa linaingizwa katika daftari la ardhi ya pamoja ya kijiji, na halmashauri haiwezi tena kumgawia mtu binafsi kwa hakimiliki ya kimila.

Kifungu cha 8 kinaongeza jambo ambalo wengi hulisahau. Halmashauri ya Kijiji husimamia ardhi kama mdhamini anavyosimamia mali ya wengine, na wanufaika ni wanakijiji na wakazi wengine wa kijiji hicho. Hairuhusiwi kugawa ardhi bila idhini ya awali ya Mkutano Mkuu. Kwa maneno mengine, mwenyekiti wa kijiji anayemwonesha mgeni "eneo la wazi" na kumkatia kipande anatoa kitu kisicho chake, hata kama mhuri wake ni halali.

Tatizo liko kwenye daftari. Masijala ya ardhi ya kijiji kwa kawaida ni chumba kimoja, wakati mwingine kabati moja la chuma, katika ofisi ya mtendaji. Faili za hati binafsi hujaa humo kwa sababu kila mwenye shamba huja kuulizia yake. Daftari la ardhi ya pamoja halina mtu wa kuja kuliulizia Jumatatu asubuhi. Mwananchi anayesoma makala haya anaweza kufika katika ofisi ya kijiji chake na kuomba kulitazama. Akikuta limeandikwa vizuri, ampongeze mtendaji. Akikuta kurasa tupu, au akaambiwa daftari hilo halijafunguliwa, amepata ajenda ya Mkutano Mkuu ujao, ambao kwa utaratibu hufanyika kila robo mwaka.

"Sisi" ni nani?

Neno "pamoja" katika masuala ya ardhi hubeba maana zaidi ya moja, na kuzichanganya ndiko huleta majuto. Ardhi ya pamoja ya kijiji haina hisa. Haki ya kuitumia inatokana na kuwa mwanakijiji. Anayehama haondoki na fungu lake, na anayezaliwa hahitaji kununua. Hakuna anayeweza kuiuza sehemu "yake" kwa sababu hana sehemu.

Kikundi ni jambo jingine. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inaruhusu hati ya kimila itolewe kwa familia au kwa raia wawili na zaidi walioungana, hata kama hawajasajiliwa chini ya sheria yoyote. Hapa majina huandikwa. Wakulima kumi na wawili wa kahawa wanaochanga fedha, kununua kipande na kusimika mtambo wa kumenyea kahawa wanaweza kupata hati kwa majina yao kumi na mawili. Inapendeza siku ya kukabidhiwa. Baada ya miaka kumi watatu wamefariki, wawili wamehamia Tunduma kufanya biashara, na mmoja anadai "chake" ili alipe ada ya shule ya mtoto. Kama hati haikusema iwapo wanamiliki kwa mafungu, na kila fungu ni kiasi gani, na fungu hilo linarithiwaje, basi mtambo utasimama huku wanachama wakipishana kwa wanasheria. Wakulima wenzao walioandikisha ardhi ya mtambo kwa jina la chama cha ushirika, yaani AMCOS, wana afadhali, kwani chama kilichosajiliwa chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika, Na. 6 ya mwaka 2013, ni mtu kisheria na hakifi mwanachama anapofariki.

Tofauti hii ya mafungu imo pia katika Sheria ya Ardhi. Inatambua umiliki wa pamoja usiogawanyika, ambao mmoja akifariki haki yake inabaki kwa waliosalia, na umiliki wa pamoja wa mafungu, ambao fungu la marehemu linakwenda kwa warithi wake. Mume na mke wanapoandikisha kiwanja wanapaswa kuulizwa wanataka upi. Sheria inampa mwenzi kinga fulani hata pale jina lake lisipoandikwa, lakini jina lililo kwenye hati halihitaji wakili wa kulitafuta. Afisa anayejaza fomu kwa haraka na kuandika majina mawili bila kuuliza aina ya umiliki amewaachia wajane na watoto kazi ambayo yeye angeimaliza kwa dakika moja.

Kijiji kinapogeuka mji

Tunduma ina ugumu wake. Mji huu umekua kwa sababu ya njia: Barabara Kuu ya Tanzania na Zambia, Reli ya TAZARA, barabara ya kwenda Sumbawanga inayochepukia hapa, na forodha. Kituo cha Huduma kwa Pamoja Mpakani cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa Oktoba 2019 na Rais John Magufuli pamoja na Rais Edgar Lungu wa Zambia, na biashara ya malori haijapungua tangu hapo. Mahali ambapo kila futi ya ardhi inaweza kuwa fremu ya duka, eneo lisilo na jina la mtu huonekana kama fursa.

Mji unapopanuka, vijiji vya pembezoni hugeuka mitaa. Ardhi ya kijiji inakuwa ardhi ya jumla, Mkutano Mkuu wa Kijiji unafikia mwisho, na Halmashauri ya Kijiji iliyokuwa mdhamini inaondoka. Sasa mwenye dhamana ya kupanga ni halmashauri ya mji chini ya Sheria ya Mipango Miji, Na. 8 ya mwaka 2007. Je, uwanja wa kijiji, makaburi ya ukoo, njia ya mifugo na kisima vinaingia katika mchoro mpya wa mipango miji kama maeneo ya umma, au vinaonekana kwenye picha ya anga kama ardhi tupu inayosubiri viwanja? Jibu linategemea kwa kiasi kikubwa iwapo kijiji kiliacha daftari. Kijiji kilichoorodhesha maeneo yake ya pamoja kinaukabidhi mji orodha. Ambacho hakikufanya hivyo kinakabidhi simulizi, na wasimuliaji wake wamebaki wachache.

Katika maeneo yaliyokwisha kujengwa, urasimishaji wa makazi hulazimisha mazungumzo ya namna nyingine. Nyumba zimebanana, na barabara haipo. Ili mtaa upate mchoro, majirani wanapaswa kukubaliana nani akate mita ngapi za ua wake ili gari la zimamoto au la wagonjwa lipite. Hakuna fidia katika mapatano hayo. Faida ya kila mmoja ni kiwanja kinachofikika na hivyo chenye thamani. Mwandishi wa makala haya amewahi kuhudhuria kikao cha namna hiyo katika mji mmoja, na jambo lililomgusa ni jinsi watu walivyobishana kwa saa mbili juu ya mita moja, kisha wakakubaliana, na mwishowe karatasi waliyosaini ikabaki kwenye mkoba wa mjumbe wa kamati. Makubaliano hayo ndiyo msingi wa barabara. Yasipoingia kwenye mchoro ulioidhinishwa na ramani ya upimaji iliyosajiliwa, mrithi wa aliyekubali anaweza kurudisha ukuta pale ulipokuwa.

Upo pia ukanda wa mpaka wenyewe. Mstari unaotenganisha Tunduma na Nakonde ulichorwa na Waingereza na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, wakati hapakuwa na mji wa aina hii. Leo shughuli za biashara na makazi zimesogea hadi kwenye alama za mpaka, na serikali za nchi hizi mbili zimekuwa zikishirikiana kuziimarisha alama hizo. Kwa mkazi wa kawaida ukanda huo unaonekana kama ardhi isiyo ya mtu. Ukweli ni kinyume chake: ni ardhi ya watu wote wa nchi mbili, na ndiyo maana hakuna mtaa wala mtu anayeweza kuuuziana kipande chake. Ndivyo ilivyo pia kwa hifadhi ya barabara kuu. Aliyenunua fremu ndani ya maeneo hayo kwa hati ya mauziano iliyosainiwa mbele ya mashahidi amenunua kitu ambacho muuzaji hakuwa nacho.

Ngazi, paa na choo

Maghorofa ya biashara yanaongezeka katika miji ya mpakani, na hapa inatumika sheria ambayo wananchi wengi hawajaisikia: Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Jengo, Na. 16 ya mwaka 2008. Inamwezesha mtu kupata hati ya duka lake au chumba chake cha ofisi ndani ya ghorofa, tofauti na hati za wenzake. Ngazi, korido, paa, choo, tangi la maji na eneo la kupakulia mizigo vinabaki kuwa mali ya pamoja ya wenye sehemu wote, kila mmoja kwa fungu linalolingana na sehemu yake. Fungu hilo halitengani na duka: anayeuza duka ameuza na fungu lake katika ngazi, na hawezi kuuza ngazi akabaki na duka. Wenye sehemu wanaunda chama chao kinachosimamia maeneo hayo na kukusanya michango ya matengenezo.

Bila utaratibu huo, ndugu watano waliojenga ghorofa moja kwa hati moja ya kiwanja hujikuta wakigawana kwa maneno: wewe chini, mimi juu. Mwenye chini anapanua duka hadi kwenye ngazi. Mwenye juu anafunga choo kwa kufuli kwa sababu yeye ndiye aliyekilipia. Paa likivuja, kila mmoja anasema si lake. Benki ikiombwa mkopo na mmoja wao, inaitaka hati ya kiwanja chote pamoja na saini za watano. Gharama ya kuandaa ramani za sehemu za jengo ni kubwa kiasi, na wenye majengo wanaoahirisha kwa sababu hiyo wanaeleweka. Wanaojenga sasa wangefanya vizuri kumwambia mchoraji tangu mwanzo ni eneo gani litakuwa la pamoja, kwa sababu kulitenga kwenye karatasi kabla ya ujenzi ni rahisi kuliko kulitafuta baada ya kila ukuta kupata mwenyewe.

Malisho ya Momba na funzo la Kiteto

Katika mabonde ya Momba na Wilaya ya Songwe, kuelekea Ziwa Rukwa, suala linachukua sura nyingine. Wafugaji na wakulima wanatumia ardhi ileile kwa misimu tofauti, na malisho hayaishii kwenye mpaka wa kijiji kimoja. Kijiji kikipima peke yake hukata malisho katikati.

Nchini kuna mfano wa kujifunza. Katika Wilaya ya Kiteto, mkoani Manyara, vijiji vya Lerug, Ngapapa na Orkitikiti viliandaa mpango wa pamoja wa matumizi ya ardhi, vikatenga malisho yanayovuka mipaka yao na kuyapa jina la OLENGAPA, lililotokana na majina ya vijiji hivyo. Kifungu cha 11 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji kinaruhusu makubaliano ya namna hiyo, na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi, Na. 6 ya mwaka 2007, inatoa utaratibu wake. Wilayani Mbulu, jamii ya Wahadzabe ilipata mwaka 2011 hati ya kimila ya jamii nzima katika eneo la Yaeda Chini, jambo lililoonesha kwamba hati ya kimila haikukusudiwa kwa mtu mmoja mmoja pekee.

Haifai kuficha kwamba kuandika kuna hatari zake. Anayeandika "sisi" anaweka pia ukuta kwa "wao". Mfugaji anayekuja na mifugo yake wakati wa kiangazi tu, mjane aliyerudi kwao baada ya kufiwa, kijana aliyeko machimboni, wote wanaweza kukuta orodha imefungwa. Sheria inawataka wanaohakiki haki za ardhi walinde maslahi ya wanawake, wasiokuwepo, watoto, watu wenye ulemavu na wafugaji, lakini kamati hulinda kwa urahisi zaidi yule aliyehudhuria. Tena kuna swali la muda: kutenga maeneo ya pamoja huhitaji mkutano wenye akidi, na mkutano wenye akidi huweza kuchelewesha upimaji kwa wiki kadhaa. Kwa maoni ya mwandishi, wiki hizo si hasara. Shauri moja la njia likifika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya huweza kula miaka.

Mambo ya kuuliza siku ya uhakiki ni machache. Wa kijijini waulize iwapo Mkutano Mkuu umepitisha orodha ya ardhi ya pamoja na muhtasari wake uko wapi. Waoneshe njia, visima na mapito ya mifugo kabla mpimaji hajaanza mashamba, na wataje upana kwa mita. Wenye kumiliki kwa kikundi au kwa ndoa waseme kwa maneno bayana ni umiliki wa aina gani, kisha wasome kilichoandikwa kabla ya kuweka saini au dole gumba. Wa mjini waombe kuona mchoro wa mipango miji wa mtaa wao katika ofisi ya halmashauri na watafute humo eneo la wazi wanalolijua kwa macho. Huduma hizo zote zipo wazi kwa mwananchi, iwe katika ofisi za ardhi za halmashauri, Ofisi ya Ardhi ya Mkoa, au Kliniki ya Ardhi inapopita.

Kabla ya hati kuchapishwa, ramani ya vipande hubandikwa ukutani ili wananchi waikague. Wengi husogea, hutafuta jina lao, huweka kidole kwenye kipande chao, hutabasamu na kuondoka. Wakae dakika tano zaidi, wafuate kwa kidole njia ya kutoka nyumbani kwao hadi kisimani, shuleni na sokoni, na waone kama kidole kitapita bila kukanyaga shamba la mtu. Kikikanyaga, fomu ya pingamizi inapatikana katika ofisi hiyohiyo, na muda wa kuijaza ni kabla ramani haijashushwa.